Sindano ya kunyoosha uso

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji walioyakosa.)

Juma hili nataka tuzungumze juu ya uso. Si uso wa nchi wala uso wa chama, bali huu uso wa kila mmoja wetu, ambao asubuhi ukiutazama kwenye kioo unakusomea umri wako hata kabla hujanywa chai.

Mwezi uliopita nilikuwa Karatu. Nilikwenda kwenye harusi ya kijana wa ukoo, na kama ilivyo ada ya huko kwetu, harusi ilichukua siku mbili na mazungumzo yakachukua juma zima. Siku ya tatu, wakati wazee wako nje wanasubiri nyama na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, dada yangu, mtoto wa baba mdogo, alinivuta hadi jikoni akafunga mlango.

Huyu dada yangu ana umri wa miaka 46. Kwa miaka 19 amefanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya kitalii kule juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kiingereza anakijua, Kifaransa anakigusagusa, na wageni wanaorudi mara ya pili humuulizia kwa jina. Sasa amekuja meneja mpya. Meneja huyo, bila kumtaja mtu, alisema kwenye kikao cha wafanyakazi kwamba pale mbele panahitaji “sura changamfu”. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa sababu kila mtu aliielewa.

“Kaka,” akaniambia, “wewe kila juma unasema redioni kana kwamba unajua kila kitu. Hebu niambie na hili.” Akanionyesha picha kwenye simu: kisanduku kidogo cheupe, maandishi ya herufi za nchi ambazo mimi na yeye hatuzisomi, na ndani yake bomba la sindano lenye kitu kama ute wa yai. Kuna mwanamke, alisema, anatoka Arusha mara moja kwa mwezi na begi lake. Anafanyia kazi chumba cha nyuma ya saluni. Anachoma sindano kwenye ile mistari miwili inayotoka puani hadi pembe za mdomo, na mtu anatoka pale siku hiyo hiyo akiwa amerudi nyuma miaka kumi. Bei yake ni bei ya ndama. Dada yangu alikuwa ameshaweka nusu.

Niseme kweli, nilikuwa sijui la kumjibu. Nikamwomba anipe siku kumi. Nikarudi nikipitia Moshi, nikakaa na daktari mmoja wa ngozi, nikasoma nilichoweza kusoma. Haya ninayoyasema leo ndiyo jibu nililompelekea, na nimeona niwape na ninyi, maana mwanamke wa begi hayuko Karatu peke yake. Yuko Dar es Salaam, yuko Mwanza, na nina hakika yuko Nairobi na Kampala.

Kwanza, makunyanzi yanatoka wapi? Ngozi yetu inashikiliwa kwa ndani na nyuzi nyuzi ziitwazo kolajeni, mfano wa fito katika ukuta wa udongo. Katikati ya hizo fito kuna kitu cha ute kinachoshika maji na kuifanya ngozi iwe nene na yenye kunesa. Tukishapita miaka ya ishirini na kitu, fito hupungua kidogo kidogo kila mwaka, ute nao hupungua, na chini yake mafuta ya mashavuni husogea na kuyeyuka. Ukuta unabonyea. Pale ambapo tumezoea kucheka, kununa na kukunja jicho, mkunjo unakuwa wa kudumu.

Sisi watu weusi tumepewa bahati katika jambo hili. Rangi ya ngozi yetu huzuia sehemu kubwa ya miale ya jua inayokata zile fito, ndiyo maana makunyanzi madogo madogo hutuchelewea kuliko yanavyowahi Wazungu. Lakini bahati si kinga. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kila unapopanda mita 1,000, miale hiyo ya jua huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta unapita mita 2,200. Tena tuko karibu na Ikweta. Watu wa huko hudanganywa na baridi na ukungu. Wanadhani kwa kuwa hawatoki jasho basi jua halipo. Kumbe wingu jepesi huruhusu miale mingi kupita. Ukiongeza vumbi jekundu linalomfanya mtu akunje macho toka asubuhi hadi jioni, na kwa wengine moshi wa kuni au wa sigara, utaelewa kwa nini uso wa dada yangu una mistari ambayo mdogo wake wa Tanga hana.

Sasa hiyo sindano. Watu wengi huichanganya na ile ya Botox, kumbe ni vitu viwili. Botox hulegeza msuli ili usikunje ngozi, na hutumiwa zaidi kwenye paji la uso. Hii nyingine haihusiani na msuli. Yenyewe ni kijazio. Inachomwa chini ya mkunjo, inajaza pengo, na ngozi inainuliwa kutoka chini kama unavyonyanyua godoro lililobonyea kwa kuweka nguo chini yake. Kijazio kinachotumika zaidi duniani leo ni jeli ya asidi ya hialuroniki. Jina ni gumu lakini kitu chenyewe ni kile kile ute nilioutaja, tulio nao mwilini tangu kuzaliwa. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama gramu 15 hivi.

Na hapa wafugaji wa Ngorongoro watafurahi. Waliokigundua kitu hiki, Karl Meyer na John Palmer, mwaka 1934 kule New York, walikitoa ndani ya jicho la ng'ombe. Baadaye kilikuwa kikitolewa kwenye undu, yaani ule upanga mwekundu wa kichwani mwa jogoo. Siku hizi hutengenezwa na bakteria viwandani. Ule wa asili ukidungwa ulivyo, mwili huuyeyusha kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mafundi wa viwandani huuunganisha kwa kemikali ili ukae, na hukaa miezi 6 hadi 18, kutegemea aina na mahali. Baada ya hapo unarudi ulivyokuwa, na ukitaka unalipa tena. Bomba moja lina mililita 1. Kijiko cha chai huchukua mililita 5. Kwa hiyo dada yangu alikuwa anauziwa sehemu ya tano ya kijiko cha chai kwa bei ya ndama, tena ndama wa kukodi kwa mwaka mmoja.

Tamaa hii si mpya. Mwaka 1893 daktari wa Kijerumani aitwaye Neuber alichukua mafuta kutoka mkononi mwa mgonjwa akayapandikiza usoni kuziba kovu. Mwaka 1899, Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga parafini, kitu cha jamii ya mafuta tunayojipaka wakati wa kipupwe. Watu walifurika. Baada ya miaka michache parafini ikaanza kutembea, ikafanya mabonge, ikatoboa ngozi. Gladys Deacon, Mmarekani aliyekuwa akisifiwa Ulaya nzima kwa uzuri, na ambaye baadaye aliolewa na Duke wa Marlborough huko Uingereza, alidungwa nta kwenye mwamba wa pua ili unyooke. Nta ikateremka mpaka kidevuni. Aliishi hadi mwaka 1977 na uso huo. Kisha ikaja silikoni ya maji, nayo ikaleta majuto ya aina yake. Mpaka leo mamlaka ya dawa ya Marekani haijairuhusu kudungwa kwa ajili ya kujaza uso wala makalio. Mwaka 1981 ikaruhusiwa kolajeni ya ng'ombe, ambayo ilibidi kwanza mtu ajaribiwe mkononi na kusubiri wiki kadhaa kuona kama mwili wake utaikataa. Ndipo ikafuata asidi ya hialuroniki: ile ya Wasweden iitwayo Restylane ilianza Ulaya mwaka 1996 na kuruhusiwa Marekani mwaka 2003.

Hapo nataka nisimame kidogo, maana kuna jambo katika historia hii ambalo linatuhusu sisi, na sijawahi kulisikia likisemwa.

Mwaka 2004 ndipo Tanzania ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Miongoni mwa dawa za kwanza ilikuwamo stavudini. Ilikuwa rahisi, na iliokoa watu ambao tulikuwa tumeshawachimbia makaburi mioyoni mwetu. Lakini ilikuwa na ubaya wake: kwa watumiaji wengi ilikausha mafuta ya mashavuni. Mtu anapona, anaongezeka uzito, anarudi shambani, lakini mashavu yanabonyea na mifupa inajitokeza. Nina rafiki, dereva wa watalii, aliyekuwa akishuka kreta karibu kila siku. Alikuwa na afya ya kubeba tairi mbili kwa mkupuo. Lakini alianza kuvaa skafu hadi puani hata mchana, akisingizia vumbi, kwa kuwa mjini Karatu watu walikuwa wameshajifunza kusoma ugonjwa kwenye uso. Siri ambayo muuguzi aliapa kuitunza, shavu liliitangaza sokoni. Wapo waliotaka kuacha dawa kwa sababu hiyo, na wapo walioacha.

Mwaka huo huo wa 2004, huko Marekani, mamlaka ya dawa iliruhusu kijazio kiitwacho Sculptra, kilichotengenezwa na kitu cha jamii moja na nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini. Kiliruhusiwa kwa ajili ya nani? Si kwa ajili ya wacheza sinema. Kiliruhusiwa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI waliokauka mashavu. Kwa hiyo mwenye virusi wa kule alijaziwa shavu, na wa kwetu akanunua skafu. Silisemi hili kwa kulaumu. Kwetu hata kidonge chenyewe kilikuwa muujiza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziache stavudini, na hapa kwetu nayo ikaondolewa hatua kwa hatua. Rafiki yangu alibadilishiwa dawa. Mashavu hayakurudi yote, lakini skafu aliivua. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wakisikia habari za kujaza uso hucheka na kusema ni mambo ya wanawake wasio na kazi. Uso unaweza kumpa mtu kazi au kumnyima, na unaweza kumfanya ameze kidonge au akitupe. Dada yangu hakuwa mpuuzi.

Wala wazee wetu hawakuupuuza uso. Wanawake wa Kidatoga hadi leo utawaona na alama za duara kuzunguka macho, zilizochanjwa kwa makusudi ili wapendeze. Hapo palikuwa na maumivu, na palikuwa na fundi. Tofauti ni kwamba fundi huyo alijulikana kwao na kwa mama yake.

Tuje kwenye hatari. Kuvimba, kuvia damu, wekundu na maumivu ya siku chache ni mambo ya kawaida. Vinundu hutokea. Usaha hutokea pale usafi ulipokosekana, na chumba cha nyuma ya saluni penye nywele zilizokatwa na maji ya ndoo si mahali pa kufungua ngozi ya mtu. Ngozi nyeusi, kila inapojeruhiwa, ina tabia ya kuacha doa jeusi linalokaa miezi, na baadhi yetu huota makovu yale yanayovimba na kuendelea kukua. Aliyewahi kupata kovu la namna hiyo alipotoboa sikio inampasa amwambie daktari kabla ya sindano yoyote.

Lakini hatari kuu ni nyingine, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi pale Moshi. Usoni mishipa ya damu imesambaa kama mizizi. Ikiwa ncha ya sindano imeingia ndani ya mshipa na mchomaji akasukuma, jeli inaziba njia ya damu. Ngozi inayolishwa na mshipa huo inapauka, inauma, inakuwa na mabaka mabaka, na isipohudumiwa inakufa na kuoza. Mbaya zaidi, mishipa ya puani na ya katikati ya nyusi imeungana na mishipa ya jicho. Jeli ikisukumwa kwa nguvu hurudi nyuma hadi huko, na mtu akapofuka pale pale kwenye kiti. Wengine wamepata kiharusi. Si jambo la kila siku, ni nadra. Lakini limetokea na kuandikwa katika nchi nyingi, hata mikononi mwa madaktari.

Je, kuna dawa? Ipo. Uzuri wa asidi ya hialuroniki ni kwamba kuna kimeng'enya, hialuronidasi, kinachoiyeyusha. Daktari anayejua kazi yake hukiweka tayari kabla hajachoma sindano ya kwanza, kwa sababu ngozi huhesabiwa kwa masaa na jicho huhesabiwa kwa dakika. Vijazio vya aina nyingine, kama silikoni, havina cha kuviyeyusha. Sasa mfikirie mtu amechomwa Karatu, jicho limezima. Kutoka pale hadi Arusha ni kama kilomita 140, mteremko wa Mto wa Mbu ukiwemo, zaidi ya saa mbili kama hukukuta lori limelala barabarani. Na mwanamke wa begi ameshapanda gari.

Halafu hicho kisanduku. Kwa wenzetu Wamarekani jeli hii huhesabiwa kuwa kifaa tiba, si krimu. Hapa kwetu mwenye kusimamia dawa na vifaa tiba ni TMDA, iliyochukua kazi hiyo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA. Mwenye kusajili madaktari ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na mtu yeyote ana haki ya kuuliza kama jina fulani limo kwenye daftari lake. Bomba lililosafiri kwenye begi kutoka nchi isiyosomeka, hujui ndani mna asidi ya hialuroniki, silikoni, au mafuta ya kupikia. Kuna na vile vikalamu vinavyouzwa kwenye mitandao, vinavyosukuma jeli kwa mgandamizo wa hewa bila sindano, ati mtu ajifanyie nyumbani. Mamlaka ya Marekani iliwaonya watu wake dhidi yake mwaka 2021. Kitu cha kusukuma jeli bila kujua kinapoishia!

Simaanishi kwamba kazi hii haiwezi kufanywa vizuri. Wataalamu wa ngozi tunao. Pale KCMC Moshi kituo cha kufundisha tiba ya ngozi kipo tangu mwaka 1992, na kimesomesha watu wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2023 hospitali ya Muhimbili, kule Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji wa kurekebisha maumbile, na magazeti yalijaa utani wa makalio juma zima. Mwenye fedha na mwenye nia anaweza kumwona daktari mwenye jina na kiti, ambaye kesho utamkuta pale pale.

Daktari wa Moshi alinipa na maneno ya bei nafuu. Kofia pana, si ile ya kapelo. Krimu ya kuzuia jua kwa anayeimudu. Kituo hicho cha Moshi kilishaonyesha kwamba inaweza kutengenezwa hapa hapa, maana wanatengeneza ile iitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la kansa na wala si la mikunjo. Kuacha sigara. Na kuacha mkorogo, kwa sababu krimu zile nyingi zina dawa zinazoikonda ngozi mpaka ikawa kama karatasi ya sigara, na mwenye ngozi hiyo ndiye wa kwanza kutafuta sindano. Hayo hayafuti mstari uliokwisha kuchorwa. Nilimuuliza daktari waziwazi, naye akanijibu waziwazi.

Yote haya nilimweleza dada yangu kwa simu. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, “Sasa meneja nimwambie nini?” Hapo sikuwa na daktari wa kumuuliza. Tulichokubaliana ni kwamba kabla ya kutoa nusu iliyobaki, amuulize yule mwanamke swali moja tu: ukikosea, dawa ya kuyeyusha unayo humo kwenye begi?

Alimuuliza. Yule mwanamke akamwambia hizo ni hofu za watu wa vijijini, na ile nusu ya fedha hairudi. Dada yangu bado yuko mapokezi. Kikao kingine cha wafanyakazi ni mwisho wa mwezi, naye amekwisha kuandika barua ya kuomba aelezwe kwa maandishi sura changamfu ni sura gani. Nakala ameiacha kwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Chumba cha nyuma ya saluni kimefungwa kwa sasa. Nasikia begi limehamia Mto wa Mbu.